Matairi Yasiyo na Upepo Kwenye Njia ya Mbigili: Uchambuzi wa Kisa cha Wabeba Maziwa

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachosimuliwa hapa kilitokea katika wilaya moja kavu ya kanda ya kati ya Tanzania. Nilishiriki nikiwa mshauri wa ufundi, na makosa kadhaa nitakayoyaeleza ni yangu mwenyewe. Majina ya kikundi, vijiji, mfadhili, wauzaji wa matairi na watu wote yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa.

Usuli

Kikundi kilikuwa na baiskeli 14 ambazo kila alfajiri zilipita kwa wafugaji kukusanya maziwa na kuyafikisha kwenye kituo chenye tangi la kupozea. Njia ndefu kuliko zote ilikuwa na kilomita 12: sehemu kubwa udongo mgumu wenye changarawe, kisha mchanga wa korongo mahali pawili, na mwisho kipande cha lami kinachoingia mjini. Mbebaji mmoja alifunga madumu matatu ya lita 20, moja juu ya keria na mawili ubavuni. Lita 60 za maziwa zina uzito unaozidi kidogo kilo 60. Ukijumlisha mwendeshaji na baiskeli yenyewe unafika kilo 150 hivi, na sehemu kubwa ya mzigo huo inabebwa na gurudumu la nyuma.

Maziwa hayasubiri. Yakikaa muda mrefu katika joto la mchana bila kupozwa, bakteria huongezeka upesi, na yakifika kituoni yanapimwa kwa spiriti, yakiganda, yanakataliwa. Mfugaji aliyekamua saa kumi na moja alfajiri halipwi, na mbebaji hapati ujira wake. Kwa hiyo pancha ya dakika arobaini porini ilikuwa hasara ya watu wawili au watatu kwa wakati mmoja, na kila aliyehusika alilifahamu hilo.

Adui mkubwa alikuwa mbigili. Mmea huu hutambaa chini na kutoa maua madogo ya njano baada ya mvua, watu wakaupita bila kuujali. Kiangazi kikiingia, matunda yake hukauka na kupasuka vipande vitano, na kila kipande kina miiba miwili mikubwa na mingine midogo, iliyopangwa kwa namna ambayo hata kikianguka vipi, mwiba mmoja hubaki umeelekea juu. Tairi la kawaida likipita juu yake huuokota na kuusukuma ndani kidogo kidogo kila gurudumu linapozunguka. Jambo hili la kusukumwa kidogo kidogo litarudi baadaye katika maelezo haya.

Baiskeli zenyewe zilikuwa za aina mbili. Nane zilikuwa zile za chuma za zamani zinazoitwa za inchi 28, zenye fremu ndefu na keria pana. Sita zilikuwa mpya zaidi, za inchi 26.

Uamuzi wa kwanza: kuondoa upepo kabisa

Mfadhili mmoja alijitolea kulipia matairi yasiyo na upepo. Matairi hayo hutengenezwa kwa povu gumu la poliyurethani, lenye vipovu vidogo sana vilivyofungwa, kiasi kwamba mwiba ukiingia haukuti kitu cha kutoboa. Hayana tyubu wala valvu. Niliombwa ushauri, nami niliunga mkono. Nilikuwa na sababu: katika miji kadhaa mikubwa duniani baiskeli za kukodi zimewahi kufungwa matairi ya aina hiyo, na waliozisimamia walitaka jambo lile lile tulilolitaka sisi, yaani baiskeli isiyolala njiani kwa sababu ya pancha. Kikundi nacho kilikuwa kimechoka. Katibu alifungua daftari lake mkutanoni akaonyesha kwamba kiangazi chote kilichopita hakikuwa na wiki hata moja bila pancha, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa.

Kosa la kwanza lilijitokeza siku mzigo ulipofika. Tuliagiza matairi ya inchi 28 kwa baiskeli nane na ya inchi 26 kwa sita. Yale ya inchi 28 hayakuingia kwenye rimu hata moja. Neno inchi 28 ni jina la ukoo, si kipimo. Rimu ya baiskeli zile za zamani ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokalia, na ubavuni mwa tairi lake huandikwa 40-635. Matairi mengi ya kisasa yanayouzwa kwa jina hilo hilo la inchi 28 yametengenezwa kwa milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la povu linapaswa kuibana rimu kwa nguvu, kwa hiyo hakuna namna ya kulilazimisha. Namba ya milimita ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa kila tairi kuukuu lililokuwa limetundikwa ukutani kwenye kibanda cha fundi, na hakuna aliyekwenda kuisoma kabla ya kuagiza, nikiwemo mimi.

Mabadiliko yakahusu baiskeli sita peke yake. Fundi wa kikundi, mzee aliyeanza kazi hiyo zamani za ujana wake, alitumia karibu siku nzima kuyafunga matairi 12, kwa kuwa yalihitaji kuvutwa na kushindiliwa kwa vipande vya mbao. Alipomaliza, alilibonyeza moja kwa kidole gumba na kutuambia kwamba tairi lile ni gumu mno kwa mzigo wa nyuma. Tulimsikiliza kwa adabu kama anavyostahili mzee, kisha tukaendelea na tulichokuwa tumekipanga.

Yaliyofuata

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za furaha. Hakukuwa na pancha hata moja, na vijana waliopewa baiskeli zile walionewa wivu. Katika wiki ya tatu mmoja wao aliomba kubadilishana njia na mwenzake bila kueleza sababu. Wa pili alifanya hivyo pia. Ilibidi mama mmoja mfugaji, ambaye maziwa yake yalianza kufika kituoni yakiwa yamechelewa ingawa baiskeli haikupata pancha, aje kuuliza ndipo tukaanza kuchunguza kwa makini.

Waendeshaji walikuwa wanachoka. Njia waliyozoea kuimaliza bila kushuka sasa iliwalazimu kushuka na kusukuma mlimani, na kwenye mchanga wa korongo tairi lilizama kama kisu. Kisha spoku zikaanza kukatika, zote za gurudumu la nyuma, na mara nyingi upande wa cheni. Mzee fundi, ambaye zamani alishinda akiziba pancha, sasa alikuwa akinyoosha rimu zilizopinda.

Tukio lililotufanya tusimame lilitokea kwenye kona ya kuingia lami. Kijana mmoja, akiwa na madumu yote matatu, alikata kona kwa mwendo wa kawaida. Tairi la nyuma likatelezea ubavu wa rimu na kuchomoka. Alianguka na kuchubuka mkono na goti. Maziwa yote yalimwagika. Nilipofika alikuwa ameketi kando ya barabara akiomba radhi, na mpaka leo najilaumu kwamba yeye ndiye aliyeona anapaswa kuomba radhi.

Baiskeli zote sita zilisimamishwa siku ile ile.

Uamuzi wa pili, uliodumu muda mfupi

Kabla ya kurudi kwenye matairi ya kawaida, mfadhili alituma tyubu chache za aina mpya, nyembamba, zinazopenya mwanga, zilizotengenezwa kwa poliyurethani inayolainika kwa joto. Uzito wake haufiki nusu ya tyubu ya kawaida ya mpira wa butili, nazo huhifadhi upepo vizuri. Tulizifunga kwenye baiskeli mbili zenye matairi ya kawaida, kwa hoja kwamba wepesi ungewapumzisha vijana waliochoka.

Mbigili ilizitoboa kama ilivyozitoboa nyingine. Tatizo lilikuja wakati wa kuziba. Solusheni inayotumiwa na mafundi wetu imekusudiwa mpira: inaulainisha uso wa butili, na kiraka kikashikana nao hadi vikawa kitu kimoja. Kwenye poliyurethani haipati pa kushika, na kiraka kilibanduka kabla ya kijana kufika kijiji cha pili. Fundi mwingine wa njiani, aliyezoea kuchoma viraka vya tyubu za pikipiki kwa chuma cha moto, alijaribu njia hiyo, na tyubu ikayeyuka mbele ya macho yake. Tyubu hizo zina viraka vyake maalumu, lakini kiraka cha karibu kabisa kilikuwa mamia ya kilomita kutoka pale. Tuliziondoa ndani ya wiki moja.

Uamuzi wa tatu

Safari hii tulianza kwa kukaa kibandani kwa mzee fundi badala ya kukaa ofisini. Tulikubaliana mambo yafuatayo, na ninaeleza kila moja pamoja na sababu yake.

Kwa baiskeli sita za inchi 26, ambazo rimu yake ni ya milimita 559, tulinunua matairi ya upepo yenye tabaka nene la mpira laini, la milimita 5, chini ya kashata za tairi, yaani mpira wa nje unaogusa ardhi. Tulikuwa tumeletewa pia pendekezo la matairi yenye kitambaa cha nyuzi za aramidi. Nyuzi hizo ni imara mno dhidi ya kitu kinachokata, kama kipande cha chupa au waya unaobaki barabarani matairi ya magari yanapochomwa. Mwiba mwembamba, hata hivyo, unaweza kujipenyeza katikati ya nyuzi bila kukata hata mmoja. Dhidi ya mbigili kinachosaidia ni umbali: mwiba una urefu wa milimita chache, na ikiwa kashata na tabaka la chini yake kwa pamoja vinauzidi urefu huo, ncha haifiki kwenye tyubu hata ukisukumwa namna gani. Tulipima miiba kwa rula kabla ya kununua. Ni kazi ya nusu saa ambayo tungeifanya mwanzoni.

Ndani tuliweka tyubu nene za butili, zile ambazo fundi yeyote wa njiani anaweza kuziziba, na kuzitia dawa ya kuziba pancha, ambayo ni utomvu wa mpira uliochanganywa na nyuzi ndogo ndogo. Tundu likitokea, upepo unaotoka huisukuma dawa hadi kwenye tundu, nayo huganda hapo.

Kwa baiskeli nane za rimu ya 635 hatukupata tairi la kisasa la kufaa. Mzee fundi alifanya alichokuwa amekifanya miaka yote kwa wateja wenye pesa kidogo: alikata kashata ya tairi kuukuu, akazichonga kingo zake kwa kisu mpaka zikawa nyembamba ili zisiikwaruze tyubu, akaitandika ndani ya tairi jipya. Baiskeli ikawa nzito zaidi, lakini kanuni iliyotumika ni ile ile ya tabaka la milimita 5.

Mwisho, tulinunua pampu yenye geji, na ukawekwa utaratibu wa kila jioni: mwendeshaji anazungusha kila gurudumu polepole, anaangalia na kung'oa kila mwiba ulioshika. Hapa ndipo lile jambo la kusukumwa kidogo kidogo linapohusika. Mwiba unaong'olewa jioni ya kwanza haujafika popote; unaoachwa wiki nzima huendelea kuingia.

Matokeo

Pancha hazikwisha, lakini zilipungua kiasi kwamba daftari la katibu sasa lilikuwa na wiki nzima zisizo na maandishi. Waendeshaji walirudia mwendo wao wa zamani, au karibu yake, kwa kuwa matairi mapya yalikuwa mazito kidogo. Spoku ziliacha kukatika ovyo. Maziwa yaliyokataliwa kwa kuchelewa yakawa jambo la nadra.

Palikuwa na hitilafu mbili. Dawa ya pancha ilikauka katika joto mapema kuliko tulivyotarajia. Tulipofungua tyubu baada ya miezi mitatu hivi, tulikuta madonge makavu ya mpira. Ikabidi iongezwe kila mwanzo wa robo ya mwaka, gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti. Pia dawa hiyo ilificha mambo: tyubu iliyotobolewa na kujiziba ilimfanya mwendeshaji asijue kwamba mwiba bado umo ndani, na vijana wawili walioacha ukaguzi wa jioni kwa kuiamini dawa walipata matundu mengi kwa wakati mmoja.

Uchambuzi

Swali ambalo sikujiuliza mwanzoni ni hili: upepo unafanya kazi gani ndani ya tairi? Matairi ya kwanza ya mpira kwenye baiskeli yalikuwa magumu, yasiyo na upepo. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe huko Belfast mwaka 1888, lilienea kwa haraka kwa sababu lilikuwa jepesi kuendesha na lilituliza mtikisiko. Kila tairi hubonyea linapogusa ardhi na kurudi linapoinuka. Upepo uliobanwa hurudisha karibu nguvu yote uliyopewa. Mpira na povu hurudisha sehemu tu. Iliyobaki hugeuka joto. Katika tairi la upepo, kinachobonyea kwa kiasi kikubwa ni upepo, na mpira ni ngozi nyembamba inayouzunguka. Katika tairi la povu, kila kinachobonyea ni povu.

Tofauti hii inahesabika. Chukua uzito wa kilo 150, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na ukadirie kwamba tairi zuri la upepo kwenye njia ngumu lina kizuizi cha 0.008 ya uzito, na la povu 0.015. La kwanza linadai wati 49 kwa ajili ya kubingirika peke yake, la pili linadai wati 92. Ongeza kizuizi cha hewa, wati 26 hivi, na mwendeshaji wa tairi la upepo anatumia jumla ya wati 75, kiasi ambacho mtu mwenye afya anaweza kukitoa kwa muda mrefu. Akitoa nguvu hiyo hiyo kwenye tairi la povu, mwendo wake unashuka hadi kilomita 11 kwa saa au pungufu kidogo, na njia ya kilomita 12 inamchukua takriban dakika 20 zaidi. Tulikuwa tumeondoa pancha ya dakika arobaini iliyompata mmoja mmoja, tukaweka ucheleweshaji wa dakika 20 kwa kila mmoja, kila siku. Mfugaji yule aliyekuja kulalamika aliiona hesabu hii kwenye maziwa yake kabla sijaiandika kwenye karatasi.

Kuhusu spoku maelezo ni mafupi. Kishindo cha jiwe ambacho upepo ungekimeza kilipita kwenye povu hadi kwenye rimu na kutoka hapo hadi kwenye spoku, na upande wa cheni ndio wenye spoku zilizokazwa zaidi. Kuchomoka kwa tairi kulitokana na sababu tofauti: tairi la upepo hukaa kwenye rimu kwa msukumo wa upepo wenyewe, ilhali la povu hukaa kwa kubana tu, na linahitaji rimu yenye upana uliolingana nalo barabara. Rimu zetu zilikuwa zimechakaa kingo, na hatukuzipima.

Je, maana yake ni kwamba malighafi mpya hazina nafasi kwenye njia kama ile? Sivyo ninavyoamini. Silika, unga mweupe wa asili ya mchanga, ambayo tangu miaka ya 1990 imechukua sehemu ya nafasi ya masizi katika mchanganyiko wa mpira, hupunguza nguvu inayopotea bila kupunguza mshiko kwenye lami yenye maji. Grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga huko Manchester mwaka 2004, imeingia kwenye matairi ya baiskeli tangu mwaka 2015 kupitia kampuni ya Vittoria ya Italia. Hizi ni hatua za kweli, na mtu wa mashindano anazihitaji. Lakini zinaboresha ngozi ya tairi kwa kubingirika na kushika, wakati shida yetu ilikuwa mwiba wenye urefu fulani. Mpira laini wa milimita 5 nao ni ufundi wa kisasa wa malighafi, ingawa hauna jina la kuvutia, kwa kuwa unapaswa kuwa mnene bila kula nguvu nyingi kila unapobonyea. Tofauti kubwa kati ya uamuzi wa kwanza na wa tatu ni kwamba wa kwanza uliufukuza upepo na wa tatu uliulinda.

Jambo la tyubu nalo linastahili kutazamwa kwa uzito. Tyubu zile hazikuwa mbovu. Zilishindwa kwa sababu tulizipima peke yake, tukasahau kwamba kwenye njia ile tyubu ni sehemu ya mfumo unaojumuisha kopo la solusheni, chuma cha moto na mikono ya mafundi watatu walioketi chini ya miti kati ya kijiji cha kwanza na kituo. Malighafi inayowafanya mafundi hao washindwe kusaidia huongeza urefu wa njia, hata kama inapunguza uzito wa gurudumu.

Tulichofaulu, tulifaulu kwa kuwa daftari la katibu lilikuwepo kabla ya mradi na liliendelea kuandikwa baada yake. Tulichoshindwa, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kusemwa na mzee fundi siku ya kwanza, kwa sentensi moja, akiwa amebonyeza tairi kwa kidole gumba. Nilimrudia baadaye nikamwomba anieleze aliwezaje kujua. Alinijibu kwamba tairi lenye mzigo sharti lijue kuinama.

Matairi ya povu hayakutupwa. Mawili yamefungwa kwenye mkokoteni wa kituo, wenye magurudumu ya baiskeli ya inchi 26 yaliyosukwa upya kwa spoku nene, unaosukumwa kwa mwendo wa miguu kati ya tangi na sehemu ya kuoshea madumu. Sakafu ni saruji, mzigo ni madumu matupu, na uani kumejaa mbigili zinazoletwa na kwato za ng'ombe. Hapo yamekaa zaidi ya mwaka bila kuguswa na fundi.